Nikishinda Mimi, Atashinda Shemeji

Hapo zamani za kale, kabla binadamu hatujajua kupiga kura (na wapo ambao mpaka leo hawajajua), wanyama wa Bonde la Mkole walikuwa na uchaguzi wao. Sogeeni karibu. Wewe wa nyuma uliyeanza kucheka, cheka haraka haraka umalize, maana hadithi hii inachekesha mwanzoni tu.

Miaka mitatu mvua haikunyesha bondeni. Mto ulikauka mpaka samaki wakatamani kuota miguu. Kulibaki bwawa moja, na juu ya bwawa kulikuwa na Mwenyekiti wa Bwawa. Mwenyekiti ndiye aliyepanga zamu: nani aingie majini, lini, na atoke saa ngapi. Kiti hicho alikikalia Ndovu kwa miaka tisa, na mtu akikalia kiti kwa uzito ule, kukiona tena kiti chenyewe ni shida.

Sasa palikuwa na nyati mmoja jina lake Kizito, na jina lilimkaa sawasawa. Mkewe aliitwa Siwema. Siwema alikuwa mgonjwa. Jua lilikuwa limempasua ngozi ya mgongo, kupe wakaingia kwenye nyufa wakafanya makazi, na kila siku alikuwa akiinuka kwa taabu zaidi ya jana.

Daktari alikuwa Yangeyange, yule ndege mweupe anayekaa juu ya migongo ya watu. Alitembea mgongoni kwa Siwema, tap, tap, tap, akachungulia kila ufa, akashuka.

"Dawa ni matope," akasema. "Na siyo kupakwa kidogo, hapana. Alale matopeni tangu asubuhi mpaka jioni. Ashinde humo siku tatu mfululizo, kabla mwezi mpya haujaandama."

"Mwezi unaandama lini?" Kizito akauliza.

"Zimebaki siku kumi."

"Na asipopata?"

Yangeyange akajinyoosha bawa. "Bwana Kizito, mimi ni daktari wa kupe. Mambo ya kuzika sikuyasomea."

Kizito akaenda moja kwa moja kwa Ndovu. Akamkuta bwawani, anammwagia maji mke wake, chwaa, chwaa, na mke amefumba macho kwa raha.

"Mwenyekiti, shikamoo. Mke wangu ni mgonjwa. Naomba ashinde matopeni siku tatu."

"Zamu ya nyati ni Alhamisi adhuhuri," Ndovu akasema bila kugeuka. "Mnakunywa, mnajipaka, mnatoka."

"Daktari amesema siku tatu, Mzee."

"Nikimpa mkeo siku tatu, kesho twiga atakuja na shingo yake, keshokutwa kiboko na meno yake. Nani asiyeumwa bondeni hapa? Alhamisi, Kizito." Akavuta maji mengine. Chwaa.

Kizito akarudi njiani kichwa chini. Moyo ulimuuma, na kilichomuuma zaidi ni ile chwaa ya mwisho.

"Kaka."

Akageuka kushoto. Hapana mtu. Akageuka kulia.

"Huku chini, kaka. Usinikanyage, bado nina mipango."

Alikuwa Nguchiro, mnyama wa kujaa kiganja na nusu, mkia mrefu kuliko uaminifu wake. Jina lake Makeke. Alikuwa anaishi kwenye shimo na jamaa zake ambao idadi yao hata wenyewe walikuwa hawaijui.

"Nimesikia shemeji anaumwa," Makeke akasema, na kweli macho yakamlegea kwa huruma. "Nimesikia pia ulichojibiwa. Kaka, nagombea kiti."

"Kiti gani?"

"Cha Ndovu."

Kizito akamtazama, jambo ambalo halikuwa rahisi. "Ukikikalia tutakuona?"

"Ndiyo maana nakuhitaji. Mimi nina maneno, wewe una kimo. Nipe mgongo wako siku sita za kampeni, nipande, nionekane, nisikike. Uchaguzi ni siku ya saba."

Kizito akahesabu. Siku saba, zinabaki tatu. Zilitosha, bila hata moja kupotea.

"Na mke wangu?"

Makeke akaweka kimkono kifuani. "Kaka, nikishinda mimi, atashinda shemeji."

Kizito alikuwa ametoka kulisikia neno hilo kwa daktari. Ashinde matopeni, ashinde matopeni. Lilikuwa bado linagonga masikioni. Basi alipoambiwa atashinda, masikio yake yakajimalizia yenyewe lile lililobaki.

"Nipande," akasema, akapiga magoti.

"Lakini ni kazi ya kujitolea, kaka. Unaelewa?"

"Kujitolea ndiyo kufanya nini?"

"Kazi kwangu, chakula kwako."

Jioni alimweleza mkewe. Siwema alikuwa amelala ubavu, inzi wanamzengea machoni.

"Amesema atanipa matope?" akauliza.

"Amesema utashinda."

"Nitashinda wapi?"

"Siwema, mtu amekwisha kuahidi, unataka akuchoree na ramani?"

"Nauliza tu, mume wangu. Nitashinda wapi?"

Kizito akasema amechoka, watazungumza kesho. Kesho yake alfajiri Siwema akamwambia, "Kaa nami leo. Nifukuzie inzi tu." Akamjibu, "Vumilia, ni siku sita." Akaondoka.

Ikaanza kampeni. Mbele alitangulia Kifaru Shaweji, ambaye naye alikuwa amejitolea. Yeye aliambiwa akishinda Makeke na yeye atashinda, akaridhika hapo hapo bila kuuliza lolote. Kazi yake ilikuwa kupiga mguu chini ili watu watoke majumbani. Ndi! Ndi! Ndi! Macho ya Shaweji yalikuwa hafifu, kwa hiyo siku ya kwanza alikihutubia kichuguu muda mrefu, akarudi kuripoti kwamba yule bwana ni mkimya lakini kura yake tunayo.

Nyuma akaja Kizito, na juu ya Kizito, katikati ya pembe, Makeke amesimama kwa miguu miwili.

"Ndugu zangu, Ndovu ameshiba maji miaka tisa. Mke wake anaogeshwa, wake zenu wanapasuka. Mtazameni huyu Kizito. Mwenye kimo hiki, nguvu hizi, amepiga magoti kuomba matope akanyimwa. Tutashinda?"

"Tutashinda," umati ukaitika.

"Sijasikia. Tutashinda?"

"Tutashindaaa!"

Ilikuwa sauti inayopanda mwilini, jamani. Kizito, mtu aliyezoea kula majani na kunyamaza, siku ya pili akajikuta anaongoza mwitikio. Siku ya tatu akamwita Ndovu mwizi mbele ya watu. Ndovu alikuwa anapita na mkewe. Alisimama, akamtazama Kizito kwa muda, akaenda zake.

Siku ya nne ilikuwa Alhamisi.

Kizito alikuwa akipanda kilima cha swala, jua la utosi, Makeke juu yake, alipoisikia kwa mbali sauti ya Kobe, karani wa bwawa, akiita zamu: "Nyati! Nyati wa Mkole!"

"Ni zamu yetu," Kizito akasema. "Ngoja nimpeleke Siwema mara moja, nirudi."

"Kaka," Makeke akamnong'oneza sikioni, "uende ukanywe maji ya Ndovu, siku tatu kabla ya uchaguzi? Watasema umehongwa. Watasema Kizito ana bei, na bei yake ni mafunda matano ya maji. Nitafutika mimi, atafutika na shemeji."

"Nyati wa Mkole!" Kobe akaita mara ya pili.

Kizito akasimama, mguu mmoja mbele, mmoja nyuma.

"Lakini uamuzi ni wako," Makeke akasema kwa upole. "Mimi nani, niko mgongoni tu."

Kobe akaita mara ya tatu, kisha akaita pundamilia.

Jioni ile Kizito alimkuta Siwema amejaa vumbi. Alikuwa amejiburura peke yake mpaka nusu ya njia ya bwawa, akamsubiri mumewe aje amwegemeze. Zamu ilipopita, akajiburura kurudi. Alama za tumbo lake zilikuwepo mavumbini, mstari mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi. Kizito alizipita akajifanya hazioni, akasema, "Swala wote wametupa kura."

Basi, siku ya saba ikafika.

Kwao hapakuwa na karatasi wala sanduku. Ulikuwa unasimama nyuma ya unayemtaka, mstari unahesabiwa, kwisha. Kobe ndiye aliyehesabu, na alihesabu kwa kutembea. Alianza asubuhi umande haujakauka. Usimcheke, Kobe hakukosea hesabu hata siku moja, sababu hakuna anayeweza kupita kitu kwa mwendo ule asikione.

Asubuhi hiyo Makeke alikuwa ameipima mistari kwa jicho. Akashuka mgongoni kwa Kizito kama ameungua.

"Tuko sawa na Ndovu. Sawa kabisa. Shemeji yuko wapi?"

"Amelala. Hawezi kusimama."

"Mlete."

"Makeke, hawezi."

"Kaka, leo ndiyo siku yake yeye kuliko yetu sote. Asimame leo kwenye mstari, apate kushinda."

Kizito akaenda. Akamwinua mkewe kwa pembe, taratibu, Shaweji akamshikilia upande wa pili (mara ya kwanza alishikilia mti). Wakamleta hatua kwa hatua, wakamsimamisha mwisho wa mstari wa Makeke, penye jua, maana kivuli kilikuwa upande wa Ndovu.

"Mstari huu ni wa nini?" Siwema akauliza.

"Wa Makeke."

"Na ule wa kivulini?"

"Usiangalie huko."

Akasimama. Kobe akapita, moja, mbili, tatu. Jua likapanda. Siwema akaanza kutetemeka magoti, Kizito akamwegemeza bega. Kobe akamaliza mstari wa Ndovu, akageuka, hilo peke yake lilichukua muda, akaanza mstari wa Makeke. Jua lilikuwa limekwisha kuvuka utosi alipofika mwisho. Akainua shingo, akamtazama Siwema miguuni mpaka machoni.

"Huyu ni mzima?" akauliza.

"Anapumua," Makeke akasema haraka.

"Basi anahesabiwa." Kobe akakohoa. "Makeke amemzidi Ndovu kwa mmoja."

Kwa mmoja! Bonde likalipuka. Ndi! ndi! ndi! Shaweji akapiga miguu mpaka nyani wakaanguka kutoka mitini. Swala wakaruka, pundamilia wakapiga mateke hewani, kila mdomo ukaimba, "Tumeshinda! Tumeshinda!" Wakakumbatiana watu waliokuwa hawasalimiani. Makeke akapanda mgongo wake wa siku zote, akamshika Kizito pembe kama usukani.

"Bwawani, kaka. Tukasherehekee bwawani."

"Siwema kwanza."

"Atafuata na kina mama. Watu wanamsubiri mwenyekiti wao."

Na Kizito, Mungu amsamehe, akacheza. Alicheza mita mia mbili, kwata kwata kwata, vumbi juu, Makeke akipunga mkono huku na huku. Alipogeuka kuangalia nyuma aliona umati, na nyuma ya umati vumbi, na kina mama wote walikuwa mbele wakipiga vigelegele. Ndovu alikuwa anaondoka na familia yake, mkonga umeshika mkia, mkia umeshika mkonga, kuelekea kusini. Hakugeuka.

Walipofika bwawani walikuta limejaa. Halikujaa maji, lilijaa nguchiro. Baba zake Makeke, mama zake wadogo, binamu, wajomba, wachumba wa binamu. Walikuwa wamekwisha kugawana ukingo wote, na matope yote yalikuwa na wenyewe.

Makeke akaruka chini, chubwi, akaibuka ameloa vizuri. "Ndugu wananchi, nawashukuru. Miaka tisa wakubwa wamefaidi. Sasa ni zamu ya wadogo. Ratiba mpya: kwanza nguchiro. Zamu za wengine zitatangazwa."

Nguchiro wakashangilia. Hata wale wengine wakashangilia, kwa mazoea.

"Makeke," Kizito akasema. "Mke wangu. Matope. Zimebaki siku tatu."

"Mwenyekiti," akamsahihisha binamu mmoja.

"Mwenyekiti. Uliahidi. Ulisema ukishinda wewe, atashinda Siwema."

"Nilisema," Makeke akakubali, akijikamua mkia. "Wala sikatai. Hebu niambie, kaka, leo shemeji ameshindaje?"

"Ameshindaje vipi? Ameshinda juani. Ameshinda amesimama kwenye mstari wako."

"Ehe. Ameshinda. Na wewe?"

"Mimi nimeshinda nimekubeba."

"Umeshinda na wewe. Na wewe, Shaweji, leo umeshindaje?"

"Nimeshinda na njaa, Mwenyekiti," Shaweji akajibu kwa adabu, akidhani anajuliwa hali.

Makeke akafungua mikono. "Nani kati yenu hakushinda? Nilichoahidi nimetimiza, tena siku ile ile. Ndovu aliwahi kutimiza ahadi siku ile ile?"

Nguchiro wakacheka, ki ki ki ki, bwawa zima. Shaweji naye akacheka kidogo, kisha akaacha, akawa anafikiri, na kwake kufikiri kulikuwa kunachukua siku mbili tatu.

Kizito akainamisha pembe. Pumzi zikamtoka puani, fuu, fuu. Alikuwa na uwezo wa kumfanya Makeke awe doa tu ukingoni, na Makeke alijua. Lakini hakurudi nyuma hata hatua.

"Karani," akaita. "Sheria inasemaje juu ya damu ya mwenyekiti?"

Kobe, aliyekuwa amebebwa na umati mpaka bwawani, akakohoa. "Damu ya mwenyekiti ikimwagika, bwawa linafungwa siku saba. Hanywi mtu. Sheria ya zamani."

"Kizito, shusha pembe hizo," pundamilia mmoja akasema nyuma yake. "Nina watoto."

"Shusha," swala wakasema. "Siku saba tutakufa."

Aligeuka akawatazama. Walikuwa ni wale wale aliokwenda kwao nyumba kwa nyumba, akawaimbisha mwenyewe. Akashusha pembe, akapita katikati yao, wakampisha.

Siwema alikuwa pale pale kwenye mstari. Mstari wenyewe ulikwisha kuondoka, amebaki yeye, amelala, na jua bado liko naye. Kizito akalala upande wa jua ili kivuli chake kimwangukie.

"Wanaimba nini?" Siwema akauliza.

Kizito akafungua mdomo kulitaja lile neno, likamkwama. "Makeke amepata kiti," akasema.

"Na mimi kesho nitashinda wapi?"

"Hapa. Na mimi."

"Basi nifukuzie inzi."

Akawafukuza. Siku ya kwanza aliwafukuza kutwa nzima, na ya pili. Adhuhuri ya pili alikwenda bwawani kuuliza zamu, akaambiwa itatangazwa. Akawaza kumfuata Ndovu, akayaona macho yale ya siku ya tatu ya kampeni, na isitoshe Ndovu alikuwa mbali mno. Yangeyange alipita mara moja, akatua, akatembea hatua mbili mgongoni kwa Siwema, akaruka akaenda zake.

Mwezi ukaandama. Bonde zima waliuona isipokuwa Siwema.

Asubuhi ya mazishi watu walikuja wengi. Majani yaliyokauka yalikuwa marefu pale, yanafika magotini kwa nyati. Akaja pia Mwenyekiti na jamaa zake, ngozi zinang'aa kwa maji, amevaa ua jekundu shingoni. Akapenya mpaka karibu na kaburi alipolala Kizito.

"Kaka, pole sana," akasema kwa sauti ya chini. "Nataka kusema maneno machache. Kura ya shemeji ndiyo iliyotupa ushindi. Nataka niseme ni shujaa, watu wasikie. Hebu inuka, nipande."

Kizito akalaza kidevu juu ya udongo.

"Kaka. Watu wanasubiri."

"Nimelala, Mwenyekiti."

"Dakika moja tu. Unisimamie, nitasema, nitashuka."

"Sisimami."

Makeke akageuka. "Shaweji, njoo. Lete mgongo."

Zile siku tatu za kufikiri zilikuwa zimemtosha Shaweji. Akainua kichwa, akaangaza huku na huku kwa macho yake mabovu. "Nani anaita?" akasema. "Simwoni mtu."

Basi Makeke akaanza pale pale chini. "Ndugu wananchi, leo tumempoteza dada yetu, aliyesimama imara..."

"Nani anaongea?" twiga akauliza kule juu.

"Sijui," pundamilia akajibu. "Kuna kitu kinachakacha majanini."

"Aliyesimama imara siku ile tuliposhinda..."

Upepo ukapita kwenye majani, shaaa. Swala wakaanza kuondoka, mmoja mmoja, kisha makundi makundi. Makeke alikuwa bado anahutubia walipokwisha wote, na Kizito aliyebaki alikuwa amemgeuzia mgongo, amelala juu ya udongo mkavu, anawafukuza inzi ambao sasa walikuwa hawamsumbui mtu.

Wanangu, anayekuahidi mwache kwanza aimalize sentensi, ndipo umpe mgongo.